Unataka Kusomea Udaktari Majuu? Hii Ndio Rada ya Kuandika Personal Statement Bila Kuuza Uongo

Hapa Kenya ukitaka kuwa daktari, hakuna mtu anakuuliza kwa nini. Unafanya KCSE, KUCCPS inaangalia masomo yako ya klasta (Baiolojia, Kemia, Hesabu ama Fizikia, na Kiingereza ama Kiswahili), halafu kompyuta inakupanga. Ukiwa na pointi, uko ndani. Ukikosa, pole, kuna kozi zingine. Hakuna mahali form inakuambia, "Hebu kaa hapa kidogo, tueleze unataka hii kazi ya nini."

Ukianza kuomba nafasi Uingereza ama Marekani, story inabadilika. Huko mtu anataka kukuskia. Unaambiwa uandike insha ya kujieleza, ile wasee huita personal statement, na ghafla msee alikuwa anapata A ya Kemia bila jasho anakaa mbele ya skrini masaa matatu na sentensi moja: "Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikipenda kusaidia watu."

Futa hiyo sentensi. Tuanze upya, pole pole.

Kwanza ujue kenye unaingia

Uingereza, maombi mengi ya digrii ya kwanza hupitia mahali pamoja panaitwa UCAS. Unaruhusiwa kuchagua kozi tano, lakini za udaktari haziwezi zidi nne. Ile ya tano unaweka kozi ingine, ama unaiacha wazi. Dedilaini ya udaktari ni mapema kuliko ya kozi nyingi: Oktoba 15, mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo, saa kumi na mbili jioni ya Uingereza. Hiyo kwetu ni saa mbili usiku. Ukingoja saa tano usiku ndio ubonyeze, umechelewa.

Kabla hapo kuna mtihani unaitwa UCAT, unafanywa kati ya Julai na Septemba, na unaruhusiwa mara moja tu kwa mwaka. Pia angalia masomo yako vizuri. Vyuo vingi vya udaktari huko havikubali KCSE pekee, vinataka A-level, IB ama mwaka wa matayarisho. Nenda kwa tovuti ya chuo chenyewe usome, usiambiwe na mtu kwa WhatsApp.

Halafu kuna doo. Mwanafunzi wa kutoka nje akisomea udaktari Uingereza, vyuo vingi vinaitisha zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka, na kozi ni miaka mitano ama sita. Piga hesabu na shilingi alafu ukae chini. Nafasi za wageni pia ni chache, juu serikali yao inaweka kikomo. Na siku ukirudi nyumbani, KMPDC lazima iwe inatambua hicho chuo, na kuna mtihani wao unakungoja kabla uanze intanship. Hiyo uitafute kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Sikwambii hivi nikutishe. Nakwambia juu hii insha ni kitu familia nzima inaweza kuwa imewekea pesa, maombi na kipande cha shamba ocha. Haifai kuandikwa usiku mmoja na usingizi.

Herufi 4,000, maswali matatu

Kitambo, insha ya UCAS ilikuwa kipande kimoja kirefu. Kuanzia wale wanaojiunga 2026, imegawanywa kwa maswali matatu. Kwa Kiswahili cha kawaida yanauliza hivi:

1. Kwa nini unataka kusomea hii kozi?
2. Masomo yako yamekutayarisha aje?
3. Nje ya masomo umefanya nini kingine kujitayarisha, na hiyo inasaidia na nini?

Jumla ni herufi 4,000, na hiyo inahesabu hadi nafasi kati ya maneno. Ni kama maneno 600 hivi. Kila jibu lazima lifike angalau herufi 350, zile zingine unagawanya mwenyewe.

Kitu ya kushika hapa: insha ni moja, na inaenda kwa vyuo vyote umechagua. Kwa hivyo usiandike "ndoto yangu ni kusomea Edinburgh" wakati Leeds na Cardiff wanasoma hiyo hiyo. Utakuwa umetumia msee mmoja meseji ya mapenzi kwa grupu ya watu wanne.

Kingine, uzito wa insha haufanani. Kuna vyuo vinaipatia alama, kuna vingine vinaangalia gredi na UCAT kwanza, halafu insha inatokea siku ya intavyuu. Lakini usichukulie hiyo kama ruhusa ya kulala. Siku ya intavyuu, mtu anaweza kuwa ameshika karatasi yako, na akuulize kuhusu mstari wa tisa. Ulichoandika ndio utajitetea nacho.

Story ya pajama

Hii lazima niwaambie. Mwaka wa 2007 UCAS walipitisha insha kama 50,000 kwa programu ya kutafuta uigaji. Wakapata wasee 234 wote wameandika story moja: eti wakiwa na miaka nane, wakicheza na vifaa vya kemia, walichoma pajama zao shimo, na hapo ndipo mapenzi ya sayansi yalianza.

Watu 234. Miaka nane wote. Pajama wote.

Walikuwa wametoa kwa mfano mmoja uliokuwa kwa intaneti. Si hiyo tu. Wengine 370 walikuwa na sentensi inayoanza vile vile kuhusu kuvutiwa na vile mwili wa binadamu hufanya kazi, na 175 walikuwa na guka mzee ama mgonjwa.

Siku hizi kila insha inapitishwa kwa mashine ya kulinganisha. Ikifanana na ya mtu mwingine kupita kiasi, vyuo vyako vinaambiwa. Na wacha mashine, fikiria mtu anayesoma. Amekaa ofisini, ameshasoma insha mia, na zote ziko na shauku, huruma, bidii na uongozi. Yako ikiingia na hayo maneno manne, hakuna kosa amepata, lakini pia hakuna mtu amekutana naye.

Swali la kwanza: kwa nini?

Hapa ndipo wengi huanguka, na si juu hawana jibu. Ni juu wanafikiria jibu lazima liwe kubwa. Ajali ya matatu, mtu anakufa mikononi mwako, wewe unaapa kwa mbingu. Wapi. Kitu kidogo ambacho uliona kwa macho yako kina nguvu kuliko kitu kikubwa ambacho kila mtu ameandika.

Wacha nikupe mfano wa kutunga. Tuseme kuna dem wa Kariobangi. Kila mwezi anapeleka shosho yake kliniki ya presha. Toleo la kwanza la insha yake ni hili:

"Shosho yangu alikuwa mgonjwa sana na iliniuma. Hapo nikajua nataka kuwa daktari ili nisaidie watu kama yeye."

Si uongo. Lakini hatujui chochote. Shosho hapa ni mapambo tu.

Toleo la pili:

"Kwa miezi mingi, shosho aliulizwa kliniki kama anameza dawa, na akajibu ndiyo. Siku moja clinical officer akamuuliza tofauti: mara ya mwisho kumeza ilikuwa lini? Shosho akasema Alhamisi, siku kichwa kilimuuma. Nilielewa kwamba kwake dawa ya presha ni ya kichwa, na kichwa kisipouma, hakuna haja ya kutumia pesa. Niliporudi nyumbani nikasoma kwamba presha mara nyingi haina dalili yoyote. Swali moja lilikuwa limefanya kile mashine ya kupima haikufanya."

Umeona tofauti? Hakuna machozi hapo. Hakuna neno "shauku." Lakini unajua huyu dem anaskiza watu, anafuatilia kitu mpaka nyumbani, na ameanza kuelewa kwamba udaktari ni dawa pamoja na pesa, woga na lugha.

Sasa kuna mtego. Kama clinical officer ndiye alifanya hiyo kazi poa, mbona usiende kuwa clinical officer? Ama nesi? Hili swali wataliuliza, ukiandika ama usiandike. Na kwetu ni swali la ukweli kabisa, juu wengi wetu tumetibiwa na clinical officer mara mob kuliko daktari.

Usijibu kwa kudharau. Ukiandika "nataka kuwa daktari juu ndiye bosi," umejimaliza. Jibu na kazi yenyewe. Dem wetu anaweza kuendelea hivi: miezi michache baadaye miguu ya shosho ikavimba, clinical officer akawatuma kwa daktari. Daktari akawa na maswali matatu kwa wakati mmoja: ni dawa yenyewe inavimbisha, ni figo, ama ni moyo? Akaanza kuondoa moja moja. Dem anaandika kwamba hiyo ndiyo sehemu anataka, kubeba shaka mpaka ipate jibu, na kujua hiyo kazi hufanywa na timu.

Hiyo ni sababu. Inaweza kupingwa, inaweza kuulizwa maswali, na yeye ataweza kujibu, juu alikuwa hapo.

Swali la pili: masomo

Usirudie gredi. Gredi ziko tayari kwa form. Herufi ni chache, usizitumie kusema kitu wanaona.

Wanachotaka ni kujua masomo yalikufanya ufikirie nini. Chukua mada moja ama mbili, uende ndani. Dem wetu alisoma figo kwa Baiolojia kama kila mtu, mchoro wa nefroni na majina ya kukariri. Lakini baada ya miguu ya shosho kuvimba, akarudi kwa hiyo mada na swali lake: figo na presha zinahusiana aje? Akapata kwamba figo husaidia kupanga kiasi cha maji na chumvi mwilini, kwa hivyo zikiharibika presha inapanda, na presha ikipanda inaharibu figo zaidi. Mduara. Hiyo mistari mitatu inaonyesha akili inayotembea yenyewe bila kusukumwa na mtihani.

Kama ulifanya mradi wa sayansi, usiseme tu ulifika mashindano ya kitaifa. Sema kilichokataa kufanya kazi na ulichobadilisha. Kama ulifundisha wenzako wa form two Kemia jioni, sema ni kipi hawakuelewa na ulikieleza aje hadi kikaingia. Daktari hushinda siku nzima akielezea watu vitu vigumu kwa maneno rahisi.

Na kitabu ukitaja, uwe umekisoma mpaka mwisho. Kuna wasee wamechomeka intavyuu juu walitaja kitabu wakidhani ni pambo, kumbe anayewauliza anakipenda sana.

Swali la tatu: nje ya darasa

"Sasa mimi sina daktari kwa familia, hospitali gani itanikubali?" Najua. Huko majuu watoto wengine wana anko ana kliniki. Lakini hawasemi lazima ukae kwa chumba cha upasuaji. Wanataka uwe umekaa karibu na watu wanaohitaji kusaidiwa, na uwe umefikiria kuhusu hiyo kazi.

Angalia vitu viko karibu na wewe:

- Zahanati ya mtaa. Uliza kama unaweza kujitolea kupanga faili, kuelekeza watu, kushika mlango. Hapo mapokezi utaona mengi.
- Wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua karibu laki moja nchi nzima, na kuna uwezekano mmoja anapita kwa ploti yenu. Ongea naye, na kama wenye nyumba watakubali, msindikize siku moja.
- Msalaba Mwekundu ama St John Ambulance, kwa mafunzo ya huduma ya kwanza.
- Nyumba ya watoto ama ya wazee. Hapa usiende siku moja na unga na kamera. Enda kila Jumamosi, miezi minne.
- Kazi ya kawaida. Duka la M-Pesa, kibanda, salon, kinyozi. Ukishughulika na mteja amekasirika juu pesa imeenda namba si yake, umejifunza kutulia kuliko msee wa klabu ya mdahalo.
- Nyumbani. Kama wewe ndiye unalea ndugu wadogo juu mathe anafanya kazi usiku, ama unahudumia mgonjwa kwa keja, hiyo ni kazi. Iandike.

Kila moja, jiulize maswali matatu: niliona nini, kilinifundisha nini, kilibadilisha nini kwa vile nafanya vitu sasa? Lile la tatu ndilo watu huacha, na ndilo swali lenyewe linauliza: hiyo inasaidia na nini?

Mambo ya nchi pia yanaingia, mradi uwe na kitu cha kusema. Mwaka wa 2024 madaktari wetu waligoma kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, siku 56, na moja ya mambo makubwa ilikuwa intan na malipo yao. Kama mtu wenu alirudishwa kwa geti la hospitali wakati huo, ulikuwa na hasira, na labda pia ulielewa kwa nini waligoma. Kubeba hayo mawili bila kukimbilia upande mmoja ni jambo la maana. Huko kwao pia madaktari wamekuwa wakigoma tangu 2023, kwa hivyo anayekusoma anajua hiyo story inauma wapi.

Onyo mbili za Kenya hasa

Moja: usijisifu na kazi hukupaswa kufanya. Kuna wasee hujitolea mahali wafanyakazi ni wachache, anaambiwa "hebu dunga huyu sindano," na anaona ameomoka. Akiiandika kwa insha, anadhani inaonyesha ujasiri. Anayesoma anaona mtu bila mafunzo aliyehatarisha mgonjwa na hakushtuka. Kama ulishawahi kuambiwa ufanye hivyo na ukakataa, hiyo ndiyo story ya kuandika.

Mbili: siri ya mgonjwa. Usitaje jina, wala mtaa, wala ugonjwa kwa njia ambayo jirani akisoma atajua ni nani. Hata shosho wako, muulize kwanza. Udaktari unaanzia hapo, kabla hujavaa koti.

Usiuze huruma, lakini usifiche maisha

Kuna ushauri unazunguka eti wazungu wanapenda story ya slum, kwa hivyo weka njaa, weka mafuriko, weka viatu vimetoboka. Wasee wa keja ya kawaida Umoja wanaanza kujiandikia umaskini hawajawahi kuona.

Wacha. Kama maisha yalikuwa magumu na hiyo inaeleza kitu, kwa mfano ulikosa shule muhula mzima juu ya fees na bado ukapanda, sema mara moja, kwa sentensi mbili kavu, uendelee. Ukweli hauhitaji violin. Na kama maisha yalikuwa sawa, mzae ana kazi na mlikula kila siku, hakuna shida pia. Hakuna mahali swali linauliza umeteseka kiasi gani. Linauliza umejitayarisha aje.

Ajenti, na ile mashine ya kuandika

Kuna watu watakuandikia kwa pesa. Nairobi hii tunajua kuandikia watu wa majuu assignment imelisha familia nyingi, sitajifanya malaika. Lakini fikiria: huyo ajenti ana wateja wangapi mwaka huu? Story ya shosho wako atampatia nani mwingine? Mashine ya kulinganisha haijui nani aliandika kwanza. Inajua tu mnafanana.

AI nayo ni hivyo hivyo. UCAS wamesema wazi: ukitengeneza insha yote ama sehemu kubwa na AI, halafu uiweke kama yako, inaweza kuhesabiwa kama udanganyifu, na unapotuma unathibitisha kwamba ni kazi yako. Kuitumia kukukumbusha mambo ya kuangalia ni kitu kimoja. Kuiambia "niandikie" ni kingine. Na kuna shida ingine kubwa: haikuwa kliniki na shosho. Itakupatia shauku, huruma, bidii na uongozi, vile vile imewapatia wengine wote.

Sasa, vile utaandika

Insha yenyewe ni ya Kiingereza, na hapo ndipo wengi wetu tunakuwa watu wengine. Tunaanza kuongea kama hotuba ya mkuu wa shule siku ya wazazi. Jaribu hii:

1. Toa simu, rekodi sauti. Ongea Sheng, Kiswahili, Kikamba, lugha ile unawaza nayo. Eleza beshte wako siku moja uliona kazi ya udaktari ikifanywa poa, ama vibaya. Dakika tano.
2. Skiza tena, uandike vitu tu: nani alisema nini, mkono ulifanya nini, ulifikiria nini ukirudi kwa mathree. Maoni weka kando.
3. Chagua mambo matatu ama manne, basi. Herufi 4,000 hazibebi maisha yako yote.
4. Andika kwa Kiingereza rahisi. Sentensi fupi. Neno ambalo huwezi kutamka mbele ya watu, toa.
5. Fanya testi ya jina. Funika jina lako, mpe mtu anayekujua. Akisema "hii inaweza kuwa ya mtu yeyote," rudi. Akicheka na kusema "hii ni wewe," uko sawa.
6. Mpe mwalimu anayejua Kiingereza, na mtu mmoja wa hospitali. Mmoja aangalie lugha, mwingine aangalie kama umesema kitu ambacho si kweli kuhusu kazi.
7. Anza Juni. Mwalimu pia lazima akuandikie barua ya mapendekezo, na walimu wana daro sita na marking.

Kwa wale wa Marekani: huko udaktari unasomewa baada ya digrii ya kwanza, na shule nyingi hazichukui wanafunzi wa nje, kwa hivyo angalia moja moja. Mfumo mkubwa unaitwa AMCAS, na insha yake ni herufi 5,300, kipande kimoja, swali moja: kwa nini udaktari? Una nafasi zaidi ya kusimulia, lakini sheria ni zile zile. Kazi ulizofanya zina sehemu yake, hadi 15, kwa hivyo usizirudie kwa insha kama orodha ya kwenda soko.

Kwa nini nakwambia haya yote

Mimi si daktari, na campo niliacha second year. Kozi niliyokuwa nafanya nilipangiwa, na katika hiyo safari yote, kutoka form four hadi siku ya kubeba mattress kutoka hosteli, hakuna mtu aliniuliza kwa nini niko pale. Hata mimi sikujiuliza. Marafiki wangu wakianza kuniletea hizi insha niwasaidie na lugha, niliona kitu: wale walipata shida sana si wale Kiingereza chao ni kibaya. Ni wale hawajawahi kuulizwa.

Kwa hivyo hii form, na vile inasumbua, inakupatia kitu KUCCPS haikupatii. Inakulazimisha ujibu kabla ya kulipa. Hata kama hutafuti majuu, hata kama umeitwa hapa hapa Nairobi, Eldoret ama Maseno, hakuna kitu inakuzuia kuandika hayo majibu matatu kwa daftari yako. Utayahitaji mwaka wa tatu, saa tisa usiku, ukisoma anatomia na beshte zako wako raha.

Leo jioni rekodi hizo dakika tano. Ukimaliza na uko na kitu cha kusema, umeshaanza insha. Ukimaliza na huna, usijichape. Hilo pia ni jibu, na limekuja kabla mzae auze shamba.